Mkaaji Mmoja Akibadilishwa: Trei ya Mayai na Somo la Umeme



Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa katika ziara ya kuwakagua walimu-wanafunzi waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja iliyo hatua chache tu kutoka soko la Kariakoo. Somo lilikuwa vyanzo vya umeme. Mwalimu-mwanafunzi alikwisha orodhesha ubaoni maporomoko ya maji, upepo, makaa ya mawe na jua, na watoto walikuwa wakinakili kwa utulivu. Ndipo mtoto mmoja wa kiume, ambaye baadaye niliambiwa kuwa mama yake huuza taa za sola kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, akanyosha mkono akasema: "Mwalimu, kioo cha dirisha hupigwa na jua mchana kutwa wala hakitoi umeme. Kioo cha sola kina nini ndani yake?"

Mwalimu-mwanafunzi alimtazama kidogo, kisha akajibu: "Hilo halimo katika muhtasari. Endeleeni kuandika." Mkono ukashuka.

Nami niliyekuwa mkaguzi nilifanya nini? Niliandika katika fomu yangu kwamba mwalimu huyu ameweza kulitawala darasa vizuri, nikampa alama za kuridhisha. Nilikwisha fika kituo cha basi ndipo aibu iliponishika, kwa kuwa nilitambua kwamba hata mimi nisingaliweza kumjibu yule mtoto kwa maneno ambayo angeyafahamu. Makala haya ni deni ninalomlipa.

Maoni yangu ni haya: swali la mtoto yule linaweza kujibiwa katika shule ya msingi, kwa Kiswahili, kwa vifaa vinavyopatikana sokoni kwa bei ndogo, na jibu lake ni mojawapo ya mawazo makubwa ya sayansi ya leo. Wazo lenyewe ni kwamba ukiondoa atomu chache ndani ya kitu na kuweka atomu za aina nyingine katika nafasi zilezile, tabia ya umeme ya kitu kizima inaweza kugeuka. Mwalimu asiyelijua wazo hili atafundisha orodha za majina. Mwalimu anayelijua ataweza kufundisha sababu.

Kubadilisha si kuchanganya

Kwanza hatuna budi kusahihisha neno moja. Walimu wengi hupenda kueleza mambo ya namna hii kwa mfano wa chumvi katika mchuzi: kidogo tu hubadilisha ladha ya chungu kizima. Mfano huu huvutia, lakini hupotosha. Chumvi huyeyuka na kutawanyika kokote ndani ya maji; haimwondoi mtu mahali pake. Katika jambo tunalolizungumzia, atomu zimepangwa kwa safu kama viti vilivyopigiliwa sakafuni. Mgeni hawezi kuingia bila mwenyeji mmoja kuondoka kitini. Mgeni huyo huketi palepale, akizungukwa na majirani walewale; ila amekuja na idadi yake mwenyewe ya elektroni na ukubwa wake mwenyewe wa mwili. Mambo hayo mawili, idadi na ukubwa, ndiyo yanayoleta mabadiliko yote.

Sonara hulijua jambo hili kwa mikono yake. Dhahabu tupu huitwa ya karati 24. Ile ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika sehemu 24, yaani asilimia 75, na zilizobaki ni shaba, fedha au metali nyingine. Atomu za shaba na za fedha hukaa katika viti vya dhahabu. Shaba ikizidi, pete huwa nyekundu zaidi. Nayo pete huwa ngumu kuliko dhahabu tupu, kwa sababu mgeni mwenye mwili tofauti huzuia safu zisiteleze kwa urahisi. Rangi nayo ni kazi ya elektroni. Basi mtoto aliyewahi kumsindikiza mama yake kwa sonara amekwisha kuuona mlango wa somo letu.

Trei, maharage na kiti kitupu

Sasa tumwendee mtoto wetu na kioo chake. Kioo cha dirisha hutengenezwa kwa mchanga, na mchanga huo kwa sehemu kubwa ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Elektroni zake zimeshikwa imara, na mwanga hupita bila kuzing'oa. Katika paneli ya sola kioo cha juu ni kifuniko tu. Kinachofanya kazi ni vile vipande vyeusi au vya buluu vilivyo chini yake, vyembamba kuliko nusu milimita. Hivyo ni silikoni iliyotenganishwa na oksijeni na kusafishwa sana. Kisha, baada ya gharama yote hiyo ya kuisafisha, huchafuliwa tena makusudi, kidogo na kwa kipimo.

Mwalimu aingie darasani na trei tupu ya mayai. Trei ya kawaida ina viti 30, safu tano kwa sita, na kila kiti cha katikati kina majirani wanne: mbele, nyuma, kushoto na kulia. Aweke maharage manne katika kila kiti. Awaambie watoto kwamba kila kiti ni atomu ya silikoni, na maharage manne ni elektroni zake nne za nje, kila moja ikishikana mkono na jirani mmoja. Awaulize: Je, kuna harage lolote lisilo na kazi? Hakuna. Kwa hiyo hakuna la kutembea, na silikoni safi hupitisha umeme kwa shida sana.

Kisha aondoe maharage ya kiti kimoja, aweke matano mahali pake. Huyo ni fosforasi, mwenye elektroni tano za nje. Manne yanashikana na majirani. La tano halina wa kushikana naye. Mtoto mmoja alichukue na kulitembeza kutoka kiti hadi kiti. Huo ndio mwanzo wa mkondo wa umeme.

Katika trei ya pili, mwalimu aweke kiti kimoja chenye maharage matatu tu. Huyo ni boroni. Sasa pana pengo. Harage la jirani laweza kuruka kuliziba, lakini likiruka huacha pengo kule lilikotoka. Hapa mwalimu awakumbushe watoto safari ya basi. Abiria wa kiti cha mbele akishuka, wa nyuma yake husogea, na wa nyuma zaidi husogea tena. Abiria wamekwenda mbele, lakini kiti kitupu kimekwenda nyuma. Pengo nalo husafiri kama kwamba ni kitu.

Mwisho aunganishe trei mbili ubavu kwa ubavu: upande mmoja wenye maharage ya ziada, na upande wa pili wenye mapengo. Mpakani, baadhi ya maharage ya ziada huvuka na kuyaziba mapengo yaliyo karibu. Na kwa kuvuka huko hujengeka msukumo wa umeme unaosimama mpakani kama bawabu. Mwanga wa jua unapong'oa elektroni karibu na mpaka, bawabu huisukuma upande mmoja na pengo lake upande wa pili, wala hawaachwi warudiane hapohapo. Ukiunganisha waya kutoka upande hadi upande, elektroni zitazunguka kwa njia ya waya na kuwasha taa. Kioo cha dirisha hakina elektroni zilizo tayari kung'oka, wala hakina bawabu. Hilo ndilo jibu la mtoto wa Mtaa wa Msimbazi.

Jambo moja la ukweli lisiachwe. Katika trei yetu tumebadilisha kiti kimoja kati ya 30. Katika silikoni ya paneli, sehemu kubwa ya kipande huwa na mgeni mmoja tu katika viti milioni kadhaa. Hata tukikadiria mmoja katika milioni, tungehitaji trei 33,334 ili kumpata mgeni huyo mmoja. Watoto wapige hesabu hiyo wenyewe. Ni zoezi zuri la kugawanya, nao watashangaa kwamba wachache kiasi hicho waweza kutawala umati mkubwa kiasi hicho.

Kisima kirefu kuliko ndoo

Kuna wenzangu watakaosema kwamba hapo panatosha kwa shule ya msingi. Kwa mtoto, naam, panatosha. Kwa mwalimu hapatoshi. Kisima hakina budi kuwa kirefu kuliko kamba ya ndoo, la sivyo siku ya kiangazi kitakauka. Kwa hiyo nawaomba mnifuate hatua moja mbele zaidi, mpaka mahali ambapo wazo hilihili limewashangaza mabingwa wenyewe.

Mwaka 1911, huko Leiden nchini Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aligundua kwamba zebaki ikipozwa hadi kiasi cha nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani wake wa umeme hutoweka kabisa. Mkondo ukianzishwa katika pete ya kitu cha namna hiyo, huendelea kuzunguka bila betri. Vitu hivyo vina manufaa makubwa: sumaku zenye nguvu za mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili hufungwa kwa waya wa namna hiyo. Lakini kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba chuma hakifai katika kazi hii, kwa kuwa chuma ni mzazi wa sumaku, na usumaku wa namna yake kwa kawaida huiua hali hiyo ya kukosa ukinzani.

Mwaka 2008, Hideo Hosono na wenzake huko Tokyo walitangaza jambo lililopindua imani hiyo. Walikuwa na kitu kilichojengwa kwa lanthanamu, chuma, aseniki na oksijeni, katika tabaka zilizopangwa kama chapati. Kikiwa safi, kitu hicho hakipotezi ukinzani wake. Wao wakaondoa sehemu ndogo ya oksijeni, kati ya asilimia 5 na 12 hivi, wakaweka florini katika viti vyake. Oksijeni huchukua elektroni mbili kutoka kwa jirani zake. Florini huchukua moja tu. Kwa kila kiti kilichobadilishwa, elektroni moja ilibaki kwa ajili ya tabaka la chuma. Matokeo yake, ukinzani ulitoweka katika nyuzi 247 chini ya sifuri.

Katika mwaka huohuo likafuata somo ambalo kwangu mimi ni zuri zaidi, la kitu chenye bariamu, chuma na aseniki. Kikiwa safi, kitu hiki kikipoa hadi kiasi cha nyuzi 133 chini ya sifuri, usumaku wa atomu zake za chuma hujipanga, safu baada ya safu, kila moja ikielekea kinyume cha jirani yake, na hali ya kukosa ukinzani haitokei. Sasa tazameni njia tatu za kukibadilisha.

(a) Ukiweka potasiamu katika viti vya bariamu, unapunguza elektroni, kwa kuwa bariamu hutoa mbili na potasiamu hutoa moja. Viti 40 hivi katika 100 vikibadilishwa, mpangilio ule wa kisumaku hufifia na ukinzani hutoweka katika nyuzi 235 chini ya sifuri.

(b) Ukiweka kobalti katika viti vya chuma chenyewe, unaongeza elektroni, maana kobalti ina 27 na chuma ina 26. Hapa hutosha viti vichache, kiasi cha 6 hadi 8 katika 100, na hali hiyohiyo hutokea, ingawa katika baridi kali zaidi, karibu nyuzi 250 chini ya sifuri. Ukizidisha kobalti, hali hiyo hutoweka tena. Kuna kipimo, na kukivuka ni kuharibu.

(c) Ukiweka fosforasi katika viti vya aseniki, huongezi wala hupunguzi, kwa sababu zote mbili zina elektroni tano za nje. Lakini fosforasi ina mwili mdogo. Jengo zima hujibana, kana kwamba limekandamizwa kwa mkono, na viti 30 hivi katika 100 vikibadilishwa, ukinzani hutoweka katika nyuzi 243 hivi chini ya sifuri.

Mwanachuo na atafakari hapa. Njia moja inapunguza, nyingine inaongeza, ya tatu haifanyi lolote kati ya hayo, na zote tatu zinafikisha karibu mahali pamoja. Kwa hiyo hesabu ya maharage peke yake haitoshi kueleza. Kilicho sawa katika njia zote ni kwamba ule usumaku uliojipanga umedhoofishwa. Wataalamu wengi wanaona kwamba mitikisiko ya usumaku huo uliodhoofika ndiyo inayoziunganisha elektroni jozi jozi ili zipite bila kizuizi, ingawa mjadala haujafungwa. Tena tofauti na silikoni ni kubwa: huku kitu chenyewe hupitisha umeme tangu mwanzo, na wageni huhesabiwa kwa mia, si kwa milioni. Mwalimu anayetumia trei moja kwa mambo yote mawili bila kuitaja tofauti hii atakuwa anadanganya.

Na hiyo njia ya tatu, ya fosforasi katika kiti cha aseniki, haipatikani katika maabara za baridi kali peke yake. Vile vitaa vidogo vyekundu vilivyokuwa vikiwaka katika redio za zamani, ambavyo mafundi wa Kariakoo wamevibandua na kuvibandika kwa miaka mingi, vinatokana na kazi ya Nick Holonyak wa Marekani, mwaka 1962. Kitu chenyewe ni galiamu na aseniki, ambamo baadhi ya viti vya aseniki vimepewa fosforasi. Bila fosforasi, mwanga wake ni ule usioonekana kwa jicho. Fosforasi ikiongezwa, mwanga huvutwa hadi kwenye wekundu, na ikizidi, kuelekea umanjano. Badiliko lilelile la mkaaji, nyumba mbili tofauti: moja inapata rangi, nyingine inapoteza ukinzani. Basi fundi redio aliyeinama juu ya meza yake, bila ya kuambiwa, ameshika kipande cha somo hili kwa koleo yake.

Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya lugha: kwamba Kiswahili hakitoshi kwa mambo haya. Mnaosoma makala haya mwaamue wenyewe. Nimetumia kiti, mkaaji, pengo, bawabu na ukinzani. Nayo majina ya elementi tumeyakopa, kama mataifa mengine yalivyoyakopa. Mtoto wa shule ya msingi hufikiri kwa Kiswahili, na akipewa sababu kwa Kiswahili ataibeba hadi sekondari, ambako atayakuta majina mapya ya jambo analolijua.

Pingamizi ya pili ni ya mamlaka: kwamba mwalimu akiruhusu maswali asiyoyajua, atavunjiwa heshima. Hapa nataja kisa kilichotokea nchini mwetu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona kwamba maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoulizwa swali lilelile, hakucheka; aliagiza lipimwe maabara, na mwaka 1969 wawili hao waliandika makala pamoja. Jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la mwanafunzi, na wataalamu wanaendelea kulibishania. Jina la mwalimu aliyecheka halikumbukwi na mtu. Heshima ilikwenda wapi?

Shauri langu kwa watakaojaribu

Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha, kikigawanywa hivi: taa ya sola na swali, dakika 5, trei ya silikoni safi, dakika 10, trei mbili za wageni, dakika 15, kuziunganisha na kuwasikiliza watoto wakieleza kwa maneno yao, dakika 10. Vifaa ni trei mbili, kilo moja ya maharage na taa moja ya kuazima. Watoto wasitumwe peke yao katika msongamano wa Kariakoo kutafuta vifaa. Mwalimu aende mwenyewe, na akiweza amwalike fundi redio shuleni, aonyeshe kwa mita yake jinsi daiodi inavyopitisha mkondo upande mmoja na kuuzuia upande wa pili, maana daiodi nayo ni trei mbili zilizounganishwa. Tena betri zisipasuliwe, wala mbao za redio zisichomwe moto darasani. Moshi wake ni sumu.

Mwalimu-mwanafunzi yule nilimrudia baada ya wiki mbili. Nilimweleza kwamba alama nilizompa sikustahili kumpa, na kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili. Tuliketi katika ofisi ya walimu tukahesabu maharage pamoja, naye akagundua kabla yangu kwamba viti vya ukingoni havina majirani wanne. Alipofundisha kipindi kile, aliwaambia watoto kosa hilo la trei mapema, akawauliza wangelirekebishaje. Mtoto wa muuza taa akajibu kwamba trei ziongezwe pande zote hadi ukingo uwe mbali.

Safari hii sikuandika lolote katika fomu kuhusu utulivu wa darasa. Darasa halikuwa na utulivu.